Mikono Isiyotajwa: Kufundisha Historia kwa Kisa cha Meli ya Liemba

Andalio la somo la mwalimu mwanafunzi kuhusu Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki aghalabu huwa na majemadari wawili, tarehe nne na ramani yenye mishale. Von Lettow-Vorbeck huwekwa upande mmoja, Smuts upande wa pili, na mishale hukimbia kutoka Taveta hadi Rufiji. Wanafunzi hunakili, hukariri, na baada ya mtihani husahau. Hawasahau kwa uvivu. Hakuna mtoto wa Buswelu, Igombe au Kayenze aliyepata kumwona jemadari, na mshale wa chaki haumwambii kitu.

Makala hii inakusudia kuwapendekezea walimu wanafunzi watakaokwenda mazoezini katika shule za msingi za kando ya ziwa letu njia nyingine, nayo ni kuchukua chombo kimoja na kukifuata kazini tangu siku kilipoundwa. Mtoto wa pwani hii anajua meli. Anajua kivuko, anajua mitumbwi ya dagaa, anajua harufu ya bandari. Ukimpa meli, umempa kitu anachoweza kukuuliza maswali juu yake.

Meli niliyoichagua ni ya Ziwa Tanganyika. Huenda msomaji akauliza kwa nini isiwe meli ya Ziwa Victoria, ilhali vita vilipiganwa hapa pia. Ni kweli. Wajerumani walikuwa na chombo chao kidogo kilichoitwa Muansa, Waingereza walikuwa na meli za reli zilizofungwa mizinga, na Mwanza ilitekwa Julai 1916 kwa askari walioletwa kwa maji. Lakini meli ya Kigoma ina sifa moja isiyo na mfano: iliingia vitani, ikazama, ikaibuka, ikaendelea kufanya kazi zaidi ya miaka tisini baada ya hapo. Isitoshe, njia ya kuifikia ipo kwenye ramani ya darasani. Mwanafunzi na aweke kidole Mwanza, ashuke na reli hadi Tabora, kisha ageuke magharibi hadi Kigoma. Mwambie tu kwamba mwaka 1914, reli ilipofika Kigoma, kidole chake kisingeweza kuanzia hapa, kwa sababu tawi la Tabora hadi Mwanza lilikamilika mwaka 1928.

Habari zenyewe kwa ufupi ni hizi. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer katika mji wa Papenburg, Ujerumani, kiliunda meli ya mizigo na abiria yenye urefu wa mita 71 hivi na upana wa mita 10. Ilipokwisha kuunganishwa ilifunguliwa tena, vipande vikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, vikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kupelekwa Kigoma kwa reli. Hapo ikaundwa upya. Ilishushwa majini Februari 1915 na kuanza kazi Juni mwaka huo, vita vikiwa vimekwisha pamba moto. Iliitwa Graf von Götzen. Kwa kuwa ilizaliwa vitani, iliwekwa chini ya Gustav Zimmer, ofisa wa jeshi la majini ambaye meli yake, Möwe, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Dar es Salaam mwaka 1914. Ilifungwa mizinga, mkubwa kuliko yote ukiwa wa manowari Königsberg iliyokwisha katika delta ya Rufiji Julai 1915.

Hapa ndipo walimu wengi hufurahi na kutaka kusimulia mapigano. Yasimulieni kwa kiasi. Ukweli ni kwamba Götzen haikupigana vita vikubwa vya majini. Boti mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, ziliteka boti ya Kijerumani Kingani Desemba 1915, na Februari 1916 ikazamishwa Hedwig von Wissmann, lakini kamanda wao Spicer-Simson hakuishambulia Götzen. Baadaye mizinga yake mizito ilitolewa ikatumike nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mizinga ya bandia ya mbao. Mwezi Juni 1916 ndege za Wabelgiji zilianza kuishambulia Kigoma. Tarehe 26 Julai 1916, siku mbili kabla Wabelgiji hawajaingia mjini, Wajerumani waliizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi, baada ya mafundi kuzipaka mashine zake mafuta mazito ili zisiliwe na kutu. Wabelgiji waliiopoa, ikazama tena Kigoma. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, wakakuta mashine na matangi ya mvuke bado yanafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Kazi yake kubwa vitani, basi, ilikuwa kubeba: askari, chakula, risasi. Hili ni jambo la kufundishwa kwa hesabu, si kwa hotuba. Kutoka Kigoma hadi Kasanga, kusini mwa ziwa, ni zaidi ya kilomita 400. Götzen iliweza kuchukua askari mia nane au tisa kwa safari moja na kufika kwa siku mbili. Sasa waambie wanafunzi waiondoe meli. Tuchukue kwamba mpagazi hubeba kilo 25, hutembea kilomita 20 kwa siku, na hula kilo moja kwa siku. Tani moja ya unga inataka wapagazi 40. Tani 100 zinataka 4,000. Na kama mpagazi hula kutoka katika mzigo wake, baada ya siku 20 za njiani amebakiza kilo tano, wala hajapata cha kurudia nyumbani. Tarakimu hizi ni za kufanyia hesabu darasani, lakini darasa la sita likizifanya lenyewe huanza kuelewa kwa nini meli moja ilikuwa na thamani kuliko mizinga yake. Huelewa pia kwa nini katika vita hivi wapagazi walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, wengi kiasi kwamba makadirio ya wanahistoria hukaribia watu laki moja. Jina la Kariakoo, ambalo kila mtoto amelisikia, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Mwalimu anayelitaja bila kueleza asili yake amepoteza nusu ya somo.

Sasa nije kwenye hoja yangu hasa. Rudini muisome ile aya ya habari kwa ufupi. Meli iliundwa, ikafunguliwa, ikafungwa masandukuni, ikaletwa, ikapelekwa, ikaundwa upya, ikashushwa majini, ikavishwa mizinga, ikavuliwa mizinga, ikazamishwa, ikaopolewa, ikapewa jina. Ni kauli ya kutendwa tangu mwanzo hadi mwisho. Nimeiandika hivyo kwa makusudi, kwa maana ndivyo habari hizi zinavyosimuliwa kila mahali. Kauli hii ni nzuri na lugha yetu imeipa nafasi kubwa, lakini katika Historia ina hatari yake: humruhusu msimulizi kumtaja aliyetendewa na kumficha aliyetenda. Mwanafunzi mmoja wa kike katika shule niliyokuwa nikimkagua mwalimu mwanafunzi aliutazama ubao wenye vitenzi hivyo kumi na viwili, akasema, “Mwalimu, meli hii inatendwa tu.” Nikaandika maneno hayo katika daftari langu la ukaguzi, chini ya kichwa cha mafanikio ya somo.

Wala dawa si kugeuza sentensi kuwa “Wajerumani waliunda meli.” Hiyo ni kauli ya kutenda, na bado inaficha. Wajerumani gani? Kutoka Papenburg walikuja watu watatu, nao majina yao yamehifadhiwa: Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Watu watatu hawawezi kuunga meli ya mita 71. Mikono mingi iliyofanya kazi ile Kigoma ilikuwa ya mafundi wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika, na majina yao hayamo katika habari zinazosimuliwa.

Kwa hiyo nawashauri walimu wanafunzi wachore ubaoni jedwali la safu tatu. Safu ya kwanza iwe ya tendo, ya pili iwe ya mtendaji aliyetajwa, na ya tatu iwe ya mikono iliyofanya kazi. Kisha wanafunzi wachukue vitenzi kimoja kimoja. Nani alipakua masanduku Dar es Salaam? Nani aliyapakia katika behewa? Nani alichochea moto wa mashine? Nani alipaka yale mafuta mazito kabla ya meli kuzamishwa, na nani aliyapangusa mwaka 1924? Safu ya pili hujaa upesi. Safu ya tatu hujaa kwa majina ya kazi: makuli, wachochezi wa moto, mafundi wa ribiti, mabaharia. Majina ya watu hayapatikani. Hapo mwalimu awe imara, asiruhusu wanafunzi wabuni majina ili kulipendezesha jedwali. Nafasi ikiwa tupu ibaki tupu, na ichorwe mstari kuzunguka utupu huo ili uonekane. Katika darasa moja watoto waliomba kuandika “Juma” na “Masanja” mahali pa wapiga ribiti. Mwalimu mwanafunzi alikataa, nami nilimpa alama nzuri kwa kukataa kwake, ingawa watoto walinuna.

Safu ya tatu ina faida nyingine: huwafungua midomo wanafunzi ambao kwa kawaida hukaa kimya. Katika darasa hilohilo alikuwapo mvulana ambaye baba yake hutengeneza mitumbwi. Alieleza kwamba msumari wa mtumbwi hauwezi kupigwa na mtu mmoja, kwa kuwa mmoja hugonga kwa nje na mwenzake hushikilia kwa ndani ili ncha ikunjwe. Akauliza kama ribiti ya chuma nayo ni hivyo. Ni hivyo kabisa, tena hutaka na mtu wa kuichoma moto kwanza. Basi mtoto yule, ambaye sijui kama alijua tarehe hata moja ya vita vile, ndiye aliyelionyesha darasa kwamba kila ribiti ya meli ile ilipita mikononi mwa watu wasiopungua watatu.

Kuhusu zana, sipendi zana zinazonunuliwa. Jambo gumu kwa wanafunzi kuamini ni kwamba meli nzima ilifunguliwa na kufungwa upya mbali na kwao. Mwalimu mwanafunzi mmoja alitatua tatizo hilo kwa baiskeli. Aliazima baiskeli ya mwalimu wa zamu, ambaye alitoa ruhusa kwa shingo upande. Kundi la kwanza likaifungua chini ya mwembe, likaandika namba kwenye kila kipande na kuvipanga katika maboksi matatu. Kundi la pili likayabeba hadi upande wa pili wa uwanja. Kundi la tatu, ambalo halikuiona baiskeli ikifunguliwa, likapewa maboksi na orodha ya namba. Kazi ilichukua dakika hamsini, vipindi viwili vikaisha, na nati moja ikapotea. Nati ile ilifundisha kuliko baiskeli. Wanafunzi waliuliza wenyewe: ikiwa nati imepotea Kigoma, na nyingine ipo Ujerumani, na vita vimeanza na bahari imefungwa, fundi afanye nini? Mwalimu wa zamu alipata nati mpya jioni ileile.

Kuna onyo ambalo sina budi kulitoa kwa walimu wa mwambao huu. Neno kuzama si neno jepesi Mwanza. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na mji huu na kuua mamia ya watu. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Katika darasa la watoto arobaini yumkini yupo ambaye babu, shangazi au jirani yake hakurudi. Mwalimu asiingie darasani na kusema kwa uchangamfu kwamba meli ilizama. Badala yake atumie utajiri wa lugha na kutenganisha: zama, zamisha, zamishwa, opoa. Götzen haikuzama Julai 1916. Ilizamishwa, bila abiria, na watu waliotumaini kuirudia. Kuzama kwake kwa mara ya pili pale Kigoma ndiko kulikokuwa kuzama hasa. Mwanafunzi anayeijua tofauti hiyo amejifunza sarufi na historia kwa pamoja, na yule mwenye msiba nyumbani amepewa neno lake mwenyewe, halikuchanganywa na jingine. Akitaka kusimulia, asikilizwe. Asipotaka, asiulizwe.

Yapo pia masimulizi ya kupunguzwa. Wengine husema Götzen ilibebwa na wapagazi kuvuka milima. Hilo limechanganywa na Mimi na Toutou, ambazo kweli zilivutwa nchi kavu katika Kongo kwa mashine za mvuke na ng'ombe. Vibarua wa huko ndio waliofyeka njia na kujenga madaraja, na maji ya mashine yalipopungua wanawake wa vijijini waliyabeba vichwani. Nao hawamo katika safu ya pili. Wengine husema Liemba imo katika filamu ya The African Queen ya mwaka 1951. Riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935 inahusishwa na vita vya Ziwa Tanganyika, lakini chombo cha Kijerumani kinachoonekana katika filamu ni boti ya kukokotea iliyoitwa Buganda, ya ziwa letu hili. Watoto hupenda sana habari hiyo, na sioni ubaya.

Walimu wanafunzi huniambia kwamba kisa hiki kinakula vipindi, na mtihani hauulizi ribiti. Ni kweli kwamba kinakula vipindi, na nimekwisha kuona kikifundishwa kwa vinne. Lakini tarehe zenye kazi ndani yake hukaa kichwani. Mtoto aliyekokotoa mizigo ya wapagazi haihangaikii 1916.

Tena meli hii haikuishia vitani, na kosa la kawaida ni kumaliza somo mwaka 1918. Iliwatumikia Waingereza, kisha Shirika la Reli la Afrika Mashariki hadi lilipovunjika mwaka 1977, kisha Tanzania. Ilibadilishwa kutoka mvuke kwenda dizeli katika miaka ya sabini. Mwaka 1997 ilirudisha makwao maelfu ya wakimbizi wa Kongo. Mei 2015 Warundi wengi mno walijaa katika ufuko mwembamba wa Kagunga, hakuna barabara, kipindupindu kimeingia, na Liemba iliwachukua kuwapeleka Kigoma, watu kama 600 kwa safari. Ichukueni hesabu ileile ya wapagazi muigeuze: kama waliopo ufukoni ni 30,000, ni safari ngapi? Wanafunzi wakipata jibu, 50, waulizeni ni nani alaye kwanza na nani asubiriye safari ya hamsini. Mwaka 2018 meli ilisimamishwa ikisubiri matengenezo makubwa. Kampuni ya umma iliyokuwa ikiiendesha ilikuwa na makao makuu yake hapahapa Mwanza, jambo ambalo huwashangaza wanafunzi kuliko mizinga ya mbao.

Kipindi cha mwisho nilichokiona kilikuwa cha majina. Gustav Adolf von Götzen alikuwa gavana wa koloni hili kuanzia 1901 hadi 1906, na vita vya Maji Maji vilianza akiwa madarakani. Liemba ni jina ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa kusini mwa ziwa mwaka 1867. Kasanga iliitwa Bismarckburg. Mwalimu mwanafunzi aliuliza kama kuna jina la namna hiyo lililobaki kwetu. Mikono ikainuka karibu yote, kwa kuwa hakuna asiyelijua lile jiwe lililosimama majini mjini Mwanza, ambalo hadi leo huitwa kwa jina la Bismarck. Akauliza tena: aliyeliita hivyo yuko safu ya pili, na sisi tunaoliita hivyo kila siku tuko safu ipi? Walibishana. Upande mmoja ulitaka jiwe libadilishiwe jina kama meli, upande wa pili ukasema watalii hawatalipata. Kengele ikalia wakiwa bado wanabishana, nao wakaendelea uwanjani.